Kengele ya Kamera Getini

Kengele yenye kamera niliyoifunga getini ni ya waya, kwa kuwa kuchaji betri kila mara ni kero. Nyingi za aina hii hutaka umeme wa AC (mkondo geu) wa volti 16 hadi 24, ilhali soketi zetu hutoa volti 230, hivyo transfoma ya kupunguza volti ni lazima, nayo ikae ndani, pasipofikiwa na mvua. Nilizima swichi kuu, nikahakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika. Waya mwembamba unaotoka sebuleni hadi getini hupoteza volti njiani, na kamera huweza kujizima usiku taa zake zinapowaka. Ndiyo maana nilinunua waya mnene, ingawa fundi aliuona ni anasa. Kamera nimeielekeza getini kwangu, si kibarazani kwa jirani.