Fernando Alonso na Miaka Aliyotoka Langalanga

Hapa Malindi, mtu anayetaka kutazama mbio za langalanga, yaani Formula 1, Jumapili alasiri hahitaji kwenda mbali, kwa sababu Waitaliano waliohamia mji huu walikuja na mapenzi yao ya Ferrari kama walivyokuja na kahawa yao. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, kisiwa ambacho punda ni wengi na magari ni ya kuhesabu, na huenda ndiyo sababu nilipohamia huku nikawa dereva wa watalii mbio hizo zilinishika kuliko zilivyowashika wenzangu waliokulia kando ya barabara. Nimekalia viti vya plastiki vya mkahawa mmoja karibu na ufuo kwa miaka mingi, nikisikiliza mabishano ya Kiswahili na Kiitaliano kwa pamoja, na kuna usemi mmoja ambao umenichosha: kwamba dereva Mhispania Fernando Alonso aliipoteza miaka yake pale alipoanza kutangatanga kutoka mashindano haya hadi yale. Mimi nashikilia kwamba miaka hiyo ndiyo iliyotuonyesha kipi kilikuwa chake mwenyewe na kipi alikuwa akiazimwa na gari.

Alizaliwa Oviedo, kaskazini mwa Hispania, mwaka 1981, na kigari chake cha kwanza hakikuundwa kwa ajili yake. Baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha baruti za migodini, alikiunda kwa ajili ya binti yake mkubwa, na binti asipokipenda kikamwangukia mdogo mtu aliyekuwa na umri wa miaka mitatu. Aliingia langalanga mwaka 2001 akiwa na Minardi, timu ndogo ya Italia iliyozoea kumaliza nyuma, mwaka uleule ambao Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Baadaye alihamia Renault, iliyokuwa chini ya Flavio Briatore, ambaye hapa kwetu watu wengi wanamjua kwa hoteli yake ya Lion in the Sun kuliko kwa magari. Mwaka 2003 alishinda Hungary, na kwa wakati huo hapakuwa na mshindi wa langalanga aliyekuwa kijana kumliko. Mwaka 2005 akatwaa ubingwa wa dunia na kuukata mfululizo wa Michael Schumacher wa mataji matano, na mwaka 2006 akaurudia.

Baada ya hapo ulianza ukame wa mataji. Mwaka 2007, akiwa timu ya McLaren na chipukizi Lewis Hamilton, wote wawili walimaliza na pointi 109, na Kimi Räikkönen wa Ferrari akawapita kwa pointi moja. Alipotua Ferrari mwaka 2010, mkahawa wetu ulijaa hadi watu wakasimama mlangoni, na mwisho wa msimu huohuo, kule Abu Dhabi, tulimtazama akikaa nyuma ya Mrusi Vitaly Petrov kwa mizunguko mingi bila kupata njia, huku taji likimponyoka. Mwaka 2012 alilikosa tena kwa pointi tatu. Ushindi wake wa 32 katika langalanga aliupata nchini kwake Hispania mwezi Mei 2013, na tangu siku hiyo hajaongeza mwingine. Mwaka 2015 alirudi McLaren, ambayo sasa ilikuwa na injini za Honda zilizokuwa dhaifu na zenye kuharibika ovyo, na hapo bingwa wa dunia mara mbili akawa mtu wa kugombea nafasi ya kumi na mbili.

Asiyejua mbio hizi humlaumu dereva. Katika langalanga kila timu hujiundia gari lake, na tofauti kati ya gari na gari ni kubwa kiasi kwamba hodari aliyepewa gari bovu atamaliza nyuma ya dereva wa kawaida aliyepewa gari zuri. Ni kama mashindano ya mashua ya Maulidi kule Lamu: nahodha awe bingwa vipi, tanga likiwa bovu na ubavu ukiwa na matambara ya mwani, upepo hautamhurumia. Neno lenyewe usukani lilikuwa la chombo cha baharini kabla gari halijafika pwani hii, na wazee wetu walijua kwamba aliyeshika usukani hafanyi kazi peke yake.

Ila kuna jambo moja ambalo naweza kulisema kwa kulijua mwilini mwangu. Nilianza na mashua, nikaja kwenye tuktuk, nikapanda hadi matatu, kisha nikakabidhiwa gari la watalii la kwenda Tsavo, na kila nilipobadilisha chombo nilijikuta mwanagenzi upya. Siku ya kwanza niliyopeleka Hilux kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, nikiwa na wageni wanne nyuma na kiburi cha miaka saba ya barabara ya lami, gari lilianza kuzama nami nikafanya kile ambacho lami ilinifundisha: nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakachimba, na gari likalala kwa tumbo. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na jarife lake begani alisimama, akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukutoa upepo?" Aliinama, akabonyeza pale pa kutilia upepo kwa ncha ya kijiti, tairi likapiga mluzi na kutandazika kama unyayo wa ngamia. Tulitoka baada ya robo saa. Nilichojifunza ni kwamba ujuzi wa zamani haukusaidii tu; wakati mwingine ndio unaokuzamisha.

Kwa hiyo mwezi Mei 2017, Alonso alipoacha kwenda Monaco, mbio ambazo kila dereva huzililia, ili akashiriki Indianapolis 500 nchini Marekani, nilielewa ukubwa wa alichokuwa akijaribu. Uwanja wa Indianapolis ni duara refu la kilomita nne, wenye kona nne zote za kushoto, na mizunguko ni 200. Gari huandaliwa kwa kupindisha magurudumu ili lipende kona za kushoto, kwa hiyo hata kwenye mstari ulionyooka dereva hulizuia kwa mkono lisigeuke lenyewe, akiwa kwenye mwendo wa kilomita 370 kwa saa, ukuta wa zege ukimpita karibu na bega la kulia. Bingwa wa dunia alilazimika kufanya mtihani wa wageni kama mwanafunzi yeyote. Alifuzu kuanza nafasi ya tano, akaongoza mbio kwa mizunguko 27, na ilipobaki mizunguko 21 injini yake ikafuka moshi. Ilikuwa Honda tena, kana kwamba bahati mbaya ilimfuata kwa meli. Mshindi wa Indianapolis hunywa maziwa, ni desturi yao ya miaka mingi, na siku ile Mjapani Takuma Sato ndiye aliyeyanywa, lakini Alonso alipoketi mbele ya waandishi alitoa kipakiti kidogo cha maziwa akanywa yeye pia. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Alichokuwa akikitafuta kina jina: mataji matatu, yaani Monaco, Indianapolis na mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, ambayo Mwingereza Graham Hill pekee ndiye aliyewahi kuyakusanya yote. Monaco alikuwa ameshinda mwaka 2006 na 2007. Le Mans ikafuata Juni 2018, siku za Idi, na nakumbuka vizuri kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutazama nami. Mbio zilianza saa kumi alasiri kwa saa zetu, na saa hiyohiyo Argentina ilikuwa ikicheza na Iceland katika Kombe la Dunia, kwa hiyo runinga ya mkahawa ilikuwa ya Messi na penalti yake iliyookolewa, nami nikabaki kona na simu yangu na kifurushi cha intaneti kilichokuwa kinakaribia kwisha.

Le Mans ni kazi ya watu watatu wanaopokezana gari moja, na hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kila kitu kupimwa kwa kimo chake: kiti, vioo, breki, vyote ni vya maafikiano. Alonso aliendesha Toyota namba 8 pamoja na Sébastien Buemi na Kazuki Nakajima. Usiku gari lao lilikuwa nyuma ya Toyota nyingine, namba 7, kwa zaidi ya dakika mbili, na yeye aliingia gizani akaanza kulitafuna lile pengo mzunguko baada ya mzunguko, akipita katikati ya magari ya daraja la chini yaliyokuwa polepole sana kuliko lake, hadi Nakajima alipolipokea likiwa dogo la kumalizika. Walishinda. Mwaka 2019 walishinda tena, safari hiyo kwa msaada wa pancha iliyolipata lile gari la namba 7 ikiwa imebaki kama saa moja, na wakatawazwa mabingwa wa dunia wa mbio ndefu. Wabishi wa mkahawani husema kwamba Porsche na Audi zilikuwa zimeshaondoka na Toyota ilishindana na kivuli chake. Ni kweli zilikuwa zimeondoka. Lakini kivuli hicho kilikuwa na madereva wa kiwango chake na gari sawa na lake, na hiyo ndiyo nafasi adimu ya kumpima mtu bila kulipima gari. Ushindi wa saa 24 za Daytona, Januari 2019, naupita haraka. Mvua ilikuwa kubwa mno hata mbio zikakatishwa kabla ya muda, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mbele katika maji hayo.

Mei 2019 alirudi Indianapolis, na hapo ndipo pakavu kuliko pote katika safari yake. Magari yalikuwa 36 na nafasi 33. Timu ya McLaren ilikwenda bila maandalizi, na mwisho wa yote ikabaki nafasi moja, Alonso akiwa ameshakimbia mizunguko yake minne ya kufuzu, akisubiri. Kijana Kyle Kaiser wa timu ndogo ya Juncos akatoka wa mwisho na kumsukuma nje. Tofauti ya mwendo wao wa wastani, ukiigeuza kwa vipimo vyetu, ilikuwa kama mita 30 kwa saa. Kobe anatembea zaidi ya hapo. Bingwa wa langalanga na wa Le Mans alirudi nyumbani bila kushiriki, na mwaka uliofuata alirudi tena, akamaliza wa 21. Taji hilo la tatu hajalipata.

Mimi ukiniuliza siku ninayoiweka juu ya zote, sitakutajia Le Mans. Nitakutajia Dakar, mbio ndefu za jangwani, ya Januari 2020, iliyofanyika Saudi Arabia kwa mara ya kwanza, ambapo alimaliza wa 13. Alikwenda na Toyota Hilux, gari ambalo hapa kwetu hubeba mahindi kutoka Magarini, ingawa lake lilikuwa limeundwa upya kwa mbio, na kando yake aliketi Marc Coma, aliyewahi kushinda Dakar mara tano kwa pikipiki, kazi yake ikiwa kumsomea njia. Hakuna uwanja wala mizunguko ya kukariri. Kilima cha mchanga unakifikia kwa kasi bila kujua upande wa pili kuna nini. Siku ya pili aligonga jiwe, gurudumu la mbele likavunjika, wakapoteza zaidi ya saa mbili wakilitengeneza wenyewe jangwani. Siku ya nane alishika nafasi ya pili ya siku, mbele ya watu waliozeeka katika mchanga. Siku ya kumi gari lilibingirika mara mbili juu ya kilima, likasimama kwa magurudumu yake, kioo cha mbele kikiwa kimekwisha, nao wakaendelea na safari mchanga ukiwapiga usoni. Mtu mwenye mataji mawili ya dunia na fedha za kumtosha hadi wajukuu alikuwa akipigania nafasi ya 13 bila kioo. Sijui kama anayeita hivyo kupoteza miaka amewahi kukwama Mambrui.

Langalanga, aliyoiacha mwisho wa mwaka 2018, aliirejea mwaka 2021 na timu ya Alpine, karibu anatimiza miaka 40, na wengi wa mkahawani wakasema amezeeka. Tarehe 1 Agosti tuliketi tukitazama Hungary, uwanja uleule wa ushindi wake wa kwanza. Ajali ya mzunguko wa kwanza ilikuwa imevuruga kila kitu, na Esteban Ocon, mwenzake wa Alpine, alikuwa akiongoza. Hamilton, aliyetupwa mkiani baada ya kuchelewa kubadilisha matairi, alikuwa akipanda kwa kasi ambayo ingemfikisha mbele kabla ya mwisho, na katikati ya njia akamkuta Alonso. Alimzuia kwa kama mizunguko kumi, kwa gari polepole kuliko la Hamilton. Alichelewesha breki pale palipostahili, akaziba upande wa ndani mapema, akamwachia nje yenye vumbi, kila kona kwa hila yake, bila kumgusa hata mara moja. Mzee mmoja wa Kiitaliano, aliyekuwa hajamsamehe tangu alipoondoka Ferrari, alisimama na kikombe mkononi na kusahau kunywa.

Hamilton alipita ilipobaki mizunguko mitano, Alonso alipozidisha breki kwenye kona ya kwanza. Mizunguko hiyo mitano haikumtosha kumfikia Ocon.