Upweke wangu ulikuwa na saa yake

Mwanamke akifiwa na mume kwetu Tanga, ile miezi minne na siku kumi za eda hapati nafasi ya kuwa mpweke. Nyumba yetu ya Ngamiani ilijaa mawifi, majirani, wenzangu wa chama cha kuzikana. Huyu kaleta uji, huyu kaja kunisomea, huyu kaja kulala tu. Siku eda ilipokwisha tukasoma khitma, watu wakala, wakaosha masufuria, wakaenda zao. Jioni ile ndipo nilipojua kwamba nimefiwa.

Nilikaa na mume wangu miaka 31. Akirudi msikitini baada ya Magharibi alikuwa akigonga fimbo kizingitini mara mbili, hata kama mlango u wazi, kisha anauliza, "Mama, chai iko?" Na anajua iko. Sasa adhana ikimalizika tu, mikono inanilegea. Natoa vikombe viwili, narudisha kimoja.

Ushauri niliopewa ni mwingi, na mwingine unanikera mpaka leo. Wifi yangu mmoja, kaka yake hata mwaka hajamaliza kaburini, ananiambia niolewe. Mwingine akasema nigawe nguo zote za marehemu na kuipaka sebule rangi ili nisione kumbukumbu. Nguo niligawa, isipokuwa kanzu moja, na nawaambia wajane wenzangu wasiharakishwe katika hilo. Rangi nayo nikapaka, pamoja na fundi ilinitoka kama laki na nusu hivi. Haikunisaidia kitu.

Kosa kubwa lilikuwa kuhamia Dar kwa mwanangu. Wala simlaumu, alinichukua kwa mapenzi. Lakini yeye na mkewe wanatoka saa kumi na moja alfajiri, foleni ikiwa mbaya wanarudi saa tatu usiku. Mjukuu yuko shule. Nyumba ina ukuta mrefu na geti, jirani humsikii hata akikohoa. Kaninunulia king'amuzi, chaneli tele, nami nikawa nakaa mbele ya televisheni siku nzima bila kufungua kinywa.

Kulikuwa na kijana muuza samaki, anapita saa nne na baiskeli. Siku ya kwanza nilinunua vibua kwa sababu nilivitaka. Siku ya pili nikanunua ili nimuulize kwao wapi. Kumbe mama yake ni wa Pangani! Tulizungumza pale getini mpaka samaki wakaanza kuingia nzi. Basi kila siku nikawa namngoja, na kwa kuwa siwezi kumsimamisha mtu na biashara yake bure, kila siku nanunua. Jumamosi mkwe wangu akafungua friji akashangaa. "Mama, samaki wote hawa wa nini?" Aliuliza kwa upole kabisa, nami sikuwa na jibu. Nikaingia chumbani nikalia sana, kisha nikaanza kufunga mzigo.

Mwanangu aliumia. "Mama, tumekukosea nini?" Nikamwambia, "Hamjanikosea, baba. Nirudishe kwenye mtaa wangu." Nilikaa kwake wiki sita tu. Enyi wenye wazazi waliofiwa, muulizeni mtu kabla ya kumbeba.

Niliporudi nikaanza kujichunguza, na hapa ndipo nilipopata nafuu yangu. Asubuhi sina tabu, nafagia, naenda Mgandini sokoni, nasalimiana na watu. Mchana nalala kidogo. Usiku usingizi unakuja. Kinachoniua ni kile kipande cha kutoka Magharibi mpaka Isha, hata saa moja na nusu hakifiki. Watu wote walikuwa wakinitibu siku nzima, na mimi nikijiona mgonjwa wa siku nzima, kumbe maumivu yana saa yake.

Kwanza nilijaribu kwenda kwa majirani saa ile. Nilikwenda siku mbili. Ndiyo saa ambayo kila nyumba inapika, watoto wanaogeshwa, na baba anaingia. Nikajikuta nimekaa kwenye mkeka wa watu natazama waume wa watu wakirudi. Nikaacha.

Nikarudia vitumbua. Nilikuwa nikipika zamani, watoto walipokuwa wadogo. Mchele nauloweka asubuhi, ila nazi siikuni mchana hata siku moja. Shoga yangu ananishauri nikune mapema wakati kuna mwanga, na mimi nakataa, kwa sababu hilo ndilo dawa yenyewe. Nikishasali Magharibi nateremsha mbuzi, napasua nazi mbili, nakuna taratibu. Kisha nachuja tui, nasaga mchele na iliki, natia hamira, nafunika. Nikinawa mikono, Isha inaadhiniwa. Alfajiri nachoma, mia mbili kimoja, na kabla ya saa moja na nusu vimekwisha. Faida ni ya sukari na sabuni, siitegemei kwa zaidi.

Sauti ya mbuzi ndiyo iliyomleta binti wa nyumba ya pili, ana miaka tisa. Alisikia nazi inapasuliwa, akaja kuomba maji yake. "Hodi, bibi." Kesho yake akaja na daftari. Sasa anafanya hesabu kwenye mkeka na mimi nakuna, akikosea ananiuliza mimi niliyeishia darasa la saba, tunahesabu kwa vitumbua.

Ramadhani ya kwanza ilinipiga upya, kwa kuwa futari ni saa ile ile. Nikapika uji wa pilipili manga, nikaujaza kwenye chupa ya chai ya marehemu, nikampa kijana mmoja wa mtaani aupeleke msikiti ambao marehemu alikuwa akisali. Siku zote thelathini. Ndipo nikaweza kumeza tende yangu.

Ziko jioni mtoto haji, hasa Ijumaa. Nikishafunika unga natoka barazani, nakaa upande wa mume wangu, pale ukuta ulipong'aa kwa mgongo wake. Nalia nikitaka kulia. Chai nainywa ikiwa moto, kikombe kimoja, na sikimbilii tena kuwasha redio.