Kupima Maji ya Mto Msimbazi Yanapokutana na Bahari

Katika kufuatilia ubora wa maji ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, sehemu iliyonitaka umakini kuliko zote ni ya chini, kutoka Jangwani hadi Daraja la Salenda, ambako maji ya mto hukutana na ya Bahari ya Hindi na vipimo hubadilika ndani ya saa chache.

Kifaa changu kina vihisi vya jotoridi, pH (kiwango cha uasidi), oksijeni iliyoyeyuka, tope na uwezo wa maji kupitisha umeme, vyote kwenye bomba moja linaloteremshwa kwa kebo. Kabla ya kutoka hukisawazisha: pH kwa mimumunyo ya 4.01, 7.00 na 10.01, na kipimo cha umeme kwa mmumunyo wa 12,880 µS/cm (maikrosimensi kwa sentimita), kwa kuwa ule wa 1,413 unafaa zaidi kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi ya bahari, ya huko juu mtoni. Kihisi cha pH husafiri kikiwa na unyevu ndani ya kifuniko chake, maana kikikauka huchelewa kutulia.

Nimefanikiwa hasa kwa kupima kina kwa kina. Maji yanapojaa, yale ya bahari, kwa uzito wake, hupenya chini ya maji ya mto, hivyo mahali palepale pa kutupia kebo, kipimo cha umeme kinaweza kusoma elfu chache juu na makumi ya elfu chini. Kwa hiyo husimamisha kifaa juu, katikati, kisha karibu na sakafu bila kuligusa tope, na kila mara husubiri namba zitulie ndipo nihifadhi.

Kusawazisha kipimo cha umeme kuna uzito wa pekee hapa, kwa sababu kifaa hukitumia kukadiria chumvi, na kwa chumvi hiyo hukokotoa oksijeni. Kwenye nyuzi 28 za Selsiasi, maji baridi yaliyoshiba oksijeni hubeba takriban miligramu 7.8 kwa lita, ya bahari takriban 6.4; hivyo anayeyasoma yote kwa kigezo kimoja atadhani mto umechafuka kumbe ni bahari imeingia.

Saa za maji huzithibitisha kwa wavuvi, ambao bamvua (siku za kujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kidogo) wanayajua vizuri sana. Kila mstari wa daftari langu una hali ya maji, na katika ripoti hulinganisha kupwa na kupwa, kujaa na kujaa, wala sichanganyi vipimo vya bamvua na vya maji mafu.