Trela la farasi wanaokufika kiunoni

Nikiwaambia jamaa zangu wa Lamu kwamba huku Texas nalipwa kutengeneza trela la kubebea farasi, akilini mwao huja farasi wa gwaride, wale wa kupanda kwa ngazi. Farasi ninaowashughulikia mimi ni wafupi kuliko punda wanaobeba mchanga pale Shela. Kazi yenyewe niliipata kwa ajili ya hao punda. Kwenye barua ya maombi nilijaza habari za masomo yangu ya uhasibu, lakini mama mwenye shamba aliniuliza jambo moja tu, kama nimewahi kumshika mnyama kwa kamba akakataa kwenda. Nikamwambia nimezaliwa kisiwa ambacho usafiri ni punda na mashua. Kesho yake nikaanza.

Hawa si watoto wa farasi. Ni farasi wazima, aina iliyofupishwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Chama chao kikubwa, AMHA (American Miniature Horse Association, yaani chama cha farasi wadogo cha Marekani), kilichoanzishwa 1978 na chenye ofisi Alvarado, kusini mwa Fort Worth, hakimsajili farasi mzima anayepita inchi 34, kama sentimita 86. Kipimo chao kinachukuliwa pale zinapoishia nywele za mwisho za shungi la shingo. Daftari jingine la kuwasajili, AMHR (American Miniature Horse Registry), lina kundi la pili linalofika inchi 38. Uzito mara nyingi ni kati ya kilo 70 na 110, kwa hiyo ukipakia watano umebeba uzito wa farasi mmoja wa kawaida. Ndiyo maana watu hujidanganya kwamba trela lolote litafaa, maadamu pikapu inalivuta.

Ubaya wa trela la farasi wakubwa ni kimo. Kila kitu ndani yake kimewekwa kwa ajili ya mnyama mwenye kifua kilicho usawa wa kifua chako. Chuma cha mbele kinachomzuia asisogee, huyu mdogo anapita chini yake. Chuma cha nyuma ya makalio nacho kinapita juu ya mgongo, akiamua kurudi nyuma hakimzuii kitu. Vizuizi vya kutenganisha farasi huwa havifiki sakafuni, vinaning'inia ili mnyama mkubwa apate kutanua miguu, na mdogo akilala au akianguka anateleza mpaka kwa mwenzake, pengine dume mwenye kisirani. Pete za kufungia kamba ziko juu mno. Ukimfunga hapo shingo yake inavutwa safari nzima, na ukiacha kamba ndefu ataivuka kwa mguu. Madirisha ndiyo usiseme, upepo wote unapita juu ya vichwa vyao, huku wao wanavuta mvuke wa mkojo kule chini.

Mama mwenye shamba alitaka kununua boksi la mizigo lililofungwa pande zote, kwa kuwa ni rahisi na linapendeza. Nilimpinga, kwa adabu. Boksi la namna hiyo halina hewa, na sakafu yake ya mbao za kubandika haikuandaliwa kwa kwato wala mkojo. Tukachukua trela la ng'ombe lililotumika, la futi 16, lenye geti katikati na nafasi za hewa ubavuni. Lakini hata hilo halikuwa tayari. Nafasi za chini zilikuwa na upana wa kutosha kupitisha mguu wa farasi mdogo hadi goti, na mguu ukitoka nje barabarani habari imekwisha. Hizo za chini tuliziziba kwa wavu mzito wa chuma wenye matundu madogo, hewa ipite, kwato isipite. Pete mpya tukazifunga kwa bolti chini zaidi, juu kidogo ya bega la mnyama. Vizuizi tukavitengeneza vizima mpaka sakafuni, kwa mbao nene zilizofunikwa kwa mpira. Tukaongeza na ubao wa kupandia wenye mpira usioteleza. Wengine hudai farasi hawa wanaruka wenyewe, na kweli wanaruka, ila mzee mwenye magoti mabovu au jike mwenye mimba kubwa sitamlazimisha.

Sakafu inataka macho. Mazulia ya mpira yanaficha mengi, kwa hiyo yafunue, chukua bisibisi uchokoe mbao, hasa kwenye kona na juu ya vyuma vya kubebea. Bisibisi ikizama, mbao imeoza. Trela la aluminiamu nalo linaliwa na mkojo, linataka kuoshwa chini ya mazulia. Juu ya mazulia tunamwaga maranda ya msonobari, mengi.

Mambo ya gari nitayapita haraka kwa kuwa hayatofautiani na trela jingine lolote. Mbele, kwenye ndoano, pawe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukiwajaza farasi nyuma ya magurudumu, trela litayumba ukifika mwendo wa barabara kuu. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya ndoano. Betri ndogo ya breki za dharura ipimwe, maana ndiyo inayofunga breki trela likichomoka. Tarehe ya tairi isomwe ubavuni: tarakimu nne, wiki na mwaka. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimeegeshwa, hata kashata zake ziwe nzima.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni chakula. Farasi wadogo wakiingiwa na hofu wakaacha kula, mwili wao huanza kumwaga mafuta kwenye damu kupita kiasi, ini linalemewa, na wanaweza kufa. Farasi wakubwa hawapatwi na hili kwa wepesi huo. Kwa hiyo nyasi kavu ziwepo mbele yao safari nzima, ndani ya mfuko wenye matundu madogo ili kwato isinase. Maji tunabeba ya nyumbani, kwani wengine hugoma kunywa maji wasiyoyajua. Kila baada ya saa tatu au nne tunasimama, na tunatazama nani hajala. Asiyekula anapigiwa simu ya daktari wa mifugo hapo hapo, hatungoji tufike. Kiangazi cha huku joto hupita nyuzi 38, basi tunaondoka saa kumi alfajiri.

Kabla ya kuvuka kwenda jimbo jirani la Oklahoma lazima uwe na cheti cha kipimo cha Coggins, cha damu, kinachoonyesha farasi hana ugonjwa wa upungufu wa damu unaoenezwa na mainzi wang'atao. Ugonjwa huo hauna tiba. Cheti hicho hufuatana na karatasi ya afya ya daktari wa mifugo, zote nazihifadhi kwenye bahasha ya plastiki juu ya kioo cha dereva.

Vituo vya mafuta ndivyo vinavyotuchelewesha. Watu wazima na ndevu zao wanapiga magoti kando ya trela kuchungulia matunduni, watoto wanaomba kumshika mmoja tu. Nawajibu maswali yote, hata lile la kama ninaye wa kuuza, lakini mlango siufungui.