Usiku uleule: sehemu ya pili ya filamu yetu fupi, Arua

Kazi imesogea. Hadithi imekamilika, mahali pa kupigia picha pamepatikana, na suala la nywele limekwisha. Hilo la nywele ndilo lililonirudisha kwenye Halloween II ya mwaka 1981, filamu ya kutisha inayoendeleza Halloween ya 1978, ambayo mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda cha video, VJ (msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo) akiifasiri kwa Kiganda mwanzo hadi mwisho. Safari hii nimeitazama bila VJ, vipokea sauti masikioni.

Sehemu yetu ya pili inaanza pale pale ya kwanza ilipoishia: msichana ametolewa nyumbani akiwa hai, muuaji hajulikani aliko. Tangu tulipopiga ile ya kwanza, mwigizaji wetu amerudi bweni, na shuleni kwao wasichana hunyolewa. Wenzetu wa Halloween II walikutana na jambo hilohilo. Hadithi yao inaendelea usiku uleule wa 31 Oktoba 1978, lakini waliipiga 1981, na mwigizaji wao mkuu, Jamie Lee Curtis, alikuwa ameshakata nywele zake. Akavalishwa wigi.

La kwetu limetengenezwa na dada mmoja mwenye saluni sokoni. Aliitazama picha ya filamu yetu ya kwanza kwenye simu yangu kwa muda mrefu, akapunguza nywele za mbele kwa wembe kidogo kidogo, kisha akafumua misuko kadhaa upande wa sikio la kushoto. "Huyu si amekimbia usiku kucha?" akaniuliza. "Hawezi kubaki amechanwa vizuri." Tangu hapo namwita kwenye kila kikao cha mavazi.

Barakoa ya muuaji nayo ina somo lake. Ile ya 1978 ilikuwa ya dukani, sura ya mwigizaji William Shatner kama Captain Kirk wa Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe. Kwenye sehemu ya pili barakoa ileile aliivaa Dick Warlock, aliyeigiza muuaji, ikiwa imechakaa na kubadilika rangi, na kichwani mwake ikaonekana pana zaidi. Wapo wanaoipenda hivyo. Mimi inanisumbua, kwa kuwa usiku ni mmoja na uso umebadilika. Ya kwetu ni ya gunia lililopakwa chokaa, na sasa inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jua na panya, mpaka siku ya kazi.

Ila kilichonishika kuliko vyote ni korido za hospitali, ambako sehemu kubwa ya Halloween II inatokea. Mwongozaji alikuwa mgeni, Rick Rosenthal, lakini mpiga picha alibaki Dean Cundey wa filamu ya kwanza, na ukitazama mwanga utajua. Giza lina kina. Taa moja inawaka mbali, na katikati hapo hujui kuna nini. Kibandani sikuwahi kuusikia ukimya wa hospitali ile. VJ alikuwa akiujaza kwa maneno, kama kazi yake inavyomtaka.

Hospitali yenyewe hatuwezi kuiga. Nani hapa Uganda ataamini wodi tupu usiku? Ndugu wa wagonjwa wanalala kwenye mikeka chini ya vitanda, chupa za chai ziko dirishani, mtu anapika nje. Kwa hiyo tumehamia bweni la shule wakati wa likizo. Kila aliyesoma bweni anaijua korido ile watoto wakishaondoka, na mlinzi wa pale ametukubalia.

Damu bado inabishaniwa. Rosenthal alitaka hofu ya kungoja. John Carpenter, mwongozaji wa filamu ya kwanza, aliyeandika hadithi pamoja na Debra Hill, alipoiona akaona haitishi, akapiga mwenyewe matukio zaidi ya mauaji. Nimeyatazama tena, na sioni kama yaliongeza kitu. Kinachobaki na mimi ni muuaji, Michael Myers, kupita katikati ya mlango wa kioo bila kupunguza mwendo. Kijana wetu wa damu ana mchanganyiko mzuri kweli: sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo ili isiwe ya kung'aa. Angependa tuimwage kila mahali. Nimemwomba aitunze kwa tukio moja tu, karibu na mwisho, na hapo imwagike kwa wingi.

Muziki umenifurahisha sana. Wimbo wa Carpenter unakwenda kwa mapigo matano, ndiyo maana mwili hautulii ukiusikia. Kwenye sehemu ya pili yeye na Alan Howarth waliupa sauti nzito, karibu na kinanda cha kanisani. Sisi tuna mzee Mwaluri anayepiga adungu, kinubi cha huku kwetu. Nilimwomba mapigo matano kwenye nyuzi nene, akayapata haraka, kisha akaanza kuchelewesha la mwisho kwa makusudi. Nimelirekodi hivyo hivyo.

Shule zikifungwa tunaanza na korido, usiku, kwa taa moja. Wakati huohuo nazungumza na VJ wa kibanda tutakachoonyesha, ili sehemu ile aiache bila neno.