Usianzie kwa babu

Hapa Busia, upande wa Uganda, ofisi yetu ya uwakala wa forodha ikitafuta vijana wa kazi, mimi huwa mmoja wa wanaowahoji. Intavyu ni kwa Kiingereza, hata kama asubuhi nzima sote tumeshinda tukibishana na madereva kwa Kiswahili. Swali la kwanza halibadiliki: “Tell us about yourself.”

Kijana anakaa wima kama mwanafunzi aliyetembelewa na mkaguzi, kisha anamwaga. Kazaliwa Masafu, mtoto wa tatu kati ya saba, baba mkulima, shule ya msingi hapa, sekondari pale, anapenda kusoma vitabu na kutazama mpira. (Siku ya intavyu kila mtu anasoma vitabu!) Anamaliza, na bado sijui kama anaweza kujaza entri kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha.

Siwalaumu. Kwetu ukiulizwa wewe nani, unaulizwa wa nani. Nenda kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho ukweni kwa Baganda, usikie mtu akijitambulisha: jina lake, la baba, la babu, ukoo, mpaka mnyama wa ukoo. Ni adabu, na kwenye ukwe ina mahali pake. Ila sisi wasifu wako tunao mezani, mahali ulipozaliwa tumeshapasoma. Tuambie kazi uliyowahi kuifanya inayokaribiana na hii yetu. Hata kama hukulipwa.

Kuna dada mmoja alikuwa ameshafika kwa wadogo zake, bosi wangu akamkatiza kwa Kiswahili.

“Dada, mwezi wa tatu 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, wewe ulikuwa wapi?”

Akacheka. “Mzee, si nilikuwa hapahapa mpakani na lori la mjomba!”

Mambo yakatoka yenyewe. Kenya ilifungua baada ya siku chache, lakini ikataka cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mjomba alitaka wapeleke maabara mahindi ya gunia moja, lile zuri la juu. Dada akakataa. Akapanda na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli ya nafaka, akachoma magunia ya juu, ya kati na ya chini, kwa sababu kuvu haienei sawasawa; gunia moja linaweza kuwa safi na jirani yake limeharibika. Akatuonyesha kwa kalamu bambo linavyoingizwa pembeni ya gunia ili lisichane nyuzi. Kiingereza kilikuwa kimeshasahaulika, na hakuna aliyekidai.

Bosi akamuuliza mbona hakuanzia hapo.

“Mwalimu alitufundisha tuanze na jina na kijiji.”

Tulimchukua. Sasa mzigo wa nafaka ukigoma ndiye tunayemtuma yadi, na bambo ni lake mwenyewe, ukiliazima bila ruhusa mtakosana.