Rubi ya mjomba

Desemba 2011, si mnajua Wachaga na Krismasi, kila mtu karudi mgombani, tarehe 26 tukaenda kwa bibi mzaa mama kule Kibosho. Usiku umeme ukakatika. Mjomba ni dalali wa mawe Arusha, akatoa mfukoni kipande cha jiwe la Longido, lile la kijani lenye rubi ndani, akawasha katochi kake ka yuvii, ule mwanga ambao jicho haliuoni. Bibi akapuliza mshumaa. Kijani ikabaki nyeusi tii, ila rubi ikawaka kama kaa la moto, mpaka kwenye kucha za mjomba wekundu unauona.

"Hiyo ni madini ya kromiamu ndani ya rubi mjomba, isingekuwepo ungekuwa na jiwe lisilo na rangi." Huyo ni kaka, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anasoma fizikia Ujerumani, na kumbe kazi yake ndo hiyo hiyo ya kuwasha mawe.

Akatuambia kule Hamburg kuna mashine ya mviringo kama pete inaitwa DORIS, mzunguko wake mita 289, chembe ndogo sana zenye umeme zinakimbizwa humo karibu na kasi ya mwanga na kila sumaku ikizipindisha zinamwaga mwanga, yuvii kali ambayo tochi haina kabisa. Stesheni yake ya kupima mawe inaitwa SUPERLUMI, kipande cha jiwe kinakaa kwenye chemba iliyonyonywa hewa maana yuvii ya hivyo hewa inaimeza yote njiani, wanakipoza kwa heliamu mpaka nyuzi kama 263 chini ya sifuri, halafu kuna vifaa vya kuchambua rangi vinaitwa monokromata, moja inachagua rangi ya mwanga unaoingia na nyingine inasoma unaotoka.

Mimi kilichonishika ni hiki. Kaka akauliza, "Mjomba ukizima tochi rubi inazimika?"

"Si inazimika."

"Bado inawaka," kaka akasema, "milisekunde tatu hivi, yaani elfu tatu za sekunde, jicho ndo haliwahi."

Mjomba akawasha akazima, akawasha akazima, kama mara kumi, kainama pua inakaribia kugusa jiwe, na sisi wote tumenyamaza. Kaka akasema kuna vitu vinazimika ndani ya nanosekunde chache tu, yaani sehemu za bilioni za sekunde, na kuvipima unahitaji mmweko mfupi zaidi, ndo maana wanataka pete, zile chembe zinakuja kwa mafungu kwa hiyo mmweko mmoja haufiki hata nanosekunde.

Mwanzoni mwa 2013 DORIS ikazimwa. Kaka akapiga simu kwamba SUPERLUMI inahamia kwenye pete kubwa, PETRA III, zaidi ya kilomita 2 kuizunguka. Mjomba akaninyang'anya simu.

"Sasa huko kwenye kubwa, langu litaingia?"